Makaratasi Waliyotuachia

Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa mwaka wa chama chetu cha wachora vibonzo, Ukumbi wa Kaloleni, Nairobi

Wazee wetu, wachoraji wenzangu, vijana wa darasa la Jumamosi pamoja na wazazi mliowasindikiza, hamjambo? Mama, shikamoo, na asante kwa kuja na mzigo ule wote kutoka Dandora. Itifaki imezingatiwa. Ukumbi tumepewa hadi saa kumi na moja jioni, kwa hivyo habari za chama nitazipitia haraka, halafu nitakaa kwenye jambo ambalo limeninyima usingizi tangu Pasaka: michoro halisi ya waliotutangulia, inayopotea.

Mfuko wa kufaana uko salama. Umelipia matibabu ya wenzetu wawili na ukatusaidia kumzika mmoja, na mweka hazina atawasomea hesabu nikishuka hapa. Mnaodaiwa michango mnajijua. Nawaomba mlipe, kwa sababu mchoraji wa kujitegemea hana pensheni wala mwajiri wa kumlipia kitanda cha hospitali. Ana sisi.

Dada zetu wawili wamepata kazi ya kuchora vitabu vya hadithi vya Gredi ya Pili. Kabla ya kutia sahihi walileta mkataba tukausoma pamoja kwenye benchi kule nje, kifungu kwa kifungu. Nawapongeza kwa kazi, na nawapongeza zaidi kwa kuuleta ule mkataba. Nitaurudia baadaye.

Sasa darasa la Jumamosi, ambalo siwezi kulipita haraka. Tulipoanza pale maktaba ya Makadara tulikuwa na watoto sita na penseli za kuazima. Wiki iliyopita viti viliisha, wengine wakachora wamekaa sakafuni. Niliwapa kazi moja tu: mchoreni makanga, yule kondakta wa matatu, lakini msimchore uso. Wengi walichora mlango wa matatu na mwili unaoning'inia. Msichana mmoja wa Gredi ya Saba alichora mkono peke yake. Noti zimekunjwa kwa urefu na kupangwa katikati ya vidole, ya mia hapa, ya hamsini pale, sarafu zimebanwa kiganjani, kidole gumba kimeinuka tayari kuzicheza. Hakuna gari, hakuna kiputo cha maneno. Nilipouinua ule mchoro, darasa zima lilipaza sauti kwa pamoja: "Mbao! Mbao!" Yaani nauli ni shilingi ishirini. Mkutubi alitoka mbio kuja kuuliza kuna nini.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nimeshika ule mchoro kama mtu aliyepokea barua. Mtoto yule amezaliwa juzi, na bila kuambiwa na mtu amefika mahali ambapo waliomtangulia walifika kwa hofu na jasho. Wa rika langu mnakumbuka. Miaka ile kabla Kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu cha siasa, hakijaondolewa kwenye Katiba, Desemba 1991, sura ya Rais haikuchorwa gazetini. Ungeona diwani, ungeona chifu, ungeona mwananchi mwenye suruali ya viraka, lakini mkubwa mwenyewe hakuwamo. Mimi nilikuwa kijana wa kusoma gazeti kwa kusimama, pale Ronald Ngala ambapo wauzaji hutandaza magazeti chini na wasio na pesa huinama. Ndipo siku moja nikaona rungu. Rungu tu, lile alilotembea nalo Rais Moi, limechungulia ukingoni mwa fremu. Baadaye likaja na mkono ulioshika rungu. Sote tulioinama pale tuliona mtu mzima, kuanzia unyayo hadi ua la kwenye koti, na mzee mmoja kando yangu akasema kwa sauti ya chini, "Leo wamemleta." Wachoraji kina Maddo, na Gado aliyetoka Dar es Salaam akajiunga na gazeti la Nation mwaka 1992, waliusukuma ukingo ule mpaka uso wote ukaingia ndani.

Njia yenyewe haijaacha kuwa na miiba. Krismasi ya 2024 hatukuila. Kijana Gideon Kibet, Kibet Bull mnayemjua kwa vibonzo vyake vya vivuli vyeusi vya kumkejeli Rais, alitoweka tarehe 24 Desemba, nduguye Ronny Kiplangat akiwa ametangulia kutoweka. Waliachiliwa tarehe 6 Januari 2025. Siku zote hizo kila aliyekaa mezani kuchora alijiuliza maswali ambayo wake zetu na waume zetu walikuwa wanatuuliza pia. Kibet hachori jicho wala pua. Hujaza umbo zima kwa weusi, na nchi inamtambua mtu kwa mteremko wa bega. Rungu la ukingoni na kivuli cha Kibet ni watu wa ukoo mmoja. Wapo waliotangulia kukanyaga hapo, na leo ndiyo siku tuliyoitenga kuwataja.

Edward Gitau. Baba yangu alikuwa mlinzi wa usiku Industrial Area, na asubuhi alirudi na Taifa Leo chini ya kwapa. Hakuanza na habari za Bunge. Alianza na Juha Kalulu, akacheka peke yake huku uji unapoa, kisha akaniita nisome kwa sauti. Kiswahili changu cha maandishi nilikipatia mle, kwenye viputo vya Gitau, kabla sijakipata shuleni. Zaidi ya nusu karne mzee yule alimchora juha mmoja, na yule juha hakuchakaa. Jaribuni kufikiria: kuamka kila siku, miaka hamsini na zaidi, na kumtafutia mtu yule yule kisa kingine. Ukoloni ukaondoka, marais wakabadilishana viti, na Juha yupo.

Terry Hirst alizaliwa Brighton, Uingereza, akaja Kenya mwaka 1965, akawa mwalimu wa sanaa katika Chuo cha Kenyatta. Mwaka 1973 yeye na Hilary Ng'weno walianzisha jarida la Joe, lililodumu hadi 1979. Joe ni mtu wa mjini mwenye mshahara usiofika mwisho wa mwezi, anayecheka ili asilie. Gitau naye alikuwa na ukurasa wake humo. Kisha Hirst akatuletea Pichadithi, jina alilolishona kwa picha na hadithi, akazigeuza ngano za bibi zetu kuwa vitabu vya kuchorwa. Nawaambia vijana wanaodhani vibonzo vya mashujaa ni vitu vya Marekani na Japan, tafuteni nakala moja ya Pichadithi kwa wauza vitabu kuukuu, mkishaipata msiiuze. Hirst alituacha mwaka 2015, Ng'weno mwaka 2021.

Na Frank Odoi. Mzaliwa wa Ghana, 1948, aliyeifanya Nairobi kuwa nyumbani. Akokhan na Golgoti ni kazi za mtu ambaye hakutaka kuazima shujaa kutoka ng'ambo wakati Afrika ina waganga, wafalme na misitu yake. Tulimpoteza Jumamosi tarehe 21 Aprili 2012, katika ajali ya matatu, humu humu Nairobi. Mtu anaingia kwenye matatu kurudi nyumbani, kama tutakavyofanya sisi sote jioni hii. Kila nikipanda gari usiku namkumbuka.

Naomba tusimame kidogo kwa ajili yao.

Asanteni. Tukae.

Mwaka huu ametutoka wetu wa ndani. Familia imeniomba jina lake lisiingie kwenye maandishi, kwa hivyo nitamwita tulivyomwita sote: Mwalimu. Alichorea magazeti, alichora vijitabu vya kliniki vya kunawisha watoto mikono, alipokosa kazi alichora mabango ya kinyozi na bucha huko Kariobangi, na bango lake la bucha lilikuwa na ng'ombe mwenye macho ya huruma hadi mwenye bucha akalalamika wateja wanasita. Aliniajiri nikiwa sijui kushika nibu. Mwezi mzima alinifanya nichore mistari mitupu, kutoka juu kwenda chini, pumzi moja kwa mstari mmoja.

Baada ya matanga, Mama, mjane wake, alinipigia simu akasema kuna sanduku la bati chini ya kitanda, na wanawe wanataka kujua kama ni la kutupa. Nilikwenda Jumamosi ya Pasaka. Tulilivuta pamoja. Juu kulikuwa na shuka, chini ya shuka nafthalini, chini ya nafthalini michoro yenyewe, michoro halisi, ile iliyotoka mkononi mwake kabla ya kwenda kiwandani.

Vijana wa tableti, niruhusuni nieleze, maana wengi wenu hamjaushika mchoro wa namna hiyo. Siku zile tulichora kwenye karatasi nzito, mara moja na nusu au mara mbili ya ukubwa utakaochapishwa, ili picha ikipunguzwa mistari ikaze. Kwanza tulipanga kwa penseli ya buluu hafifu, kwa sababu kamera ya kiwandani haikuiona rangi hiyo. Juu yake wino. Ukikosea, rangi nyeupe, unasubiri ikauke, unachora tena. Kwa hivyo mchoro halisi una mambo ambayo gazeti halikuyabeba kamwe: mawazo ya kwanza kwa buluu, makosa chini ya weupe, alama ya kikombe cha chai, na pembeni maneno kwa mhariri. Kwenye mmoja Mwalimu ameandika, "Tafadhali msikate mguu wa mbuzi." Mguu ulikatwa. Nakala ya gazeti imo sandukuni, imebandikwa nyuma.

Nitawaeleza mchoro mmoja tu. Ni foleni ya maji, mitungi ya manjano imepangwa kutoka bomba hadi ukingo wa karatasi, na bomba linatoa tone moja. Mheshimiwa mwenye suti anakata utepe kuzindua lile tone. Nilikuwa nakikumbuka kibonzo hicho, nilikiona kilipotoka. Lakini Mama alikishika akakileta dirishani, akaweka kidole kwa mwanamke wa mwisho kwenye foleni, aliyegeuza mgongo. Amefunga leso. Akasema, "Hii ni yangu." Mimi niliona mapambo ya leso, basi. Akasema, "Soma." Nikaomba miwani. Kwenye pindo, kwa herufi ndogo kuliko punje ya wimbi, Mwalimu alikuwa ameandika jina la leso lote, hakuna herufi iliyokosekana: SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Alimnunulia leso hiyo walipopata kifungua mimba.

Tukalitafuta gazeti. Limo sandukuni pia, limekuwa na rangi ya chai. Pindo la leso, baada ya kupunguzwa na kuchapishwa, ni mstari mweusi.

Hebu fikirini. Maelfu ya watu walikiona kibonzo kile siku moja na hakuna aliyeyasoma maneno hayo. Mama mwenyewe alikuwa hajayaona. Yalikaa kwenye karatasi moja duniani, chini ya kitanda, yakimngoja, na kidogo tu yaende jalalani.

Na ni kidogo kweli, maana sehemu kubwa ya kazi ya Mwalimu ilikwenda. Gazeti moja alilolichorea miaka mingi, sitalitaja, lilihama ofisi. Makabati yakafunguliwa, michoro ikatolewa kama takataka nyingine yoyote. Mtu wa usafi aliyemjua alimpigia simu. Mwalimu alifika akakuta marundo yamefungwa kamba, yanapimwa kwa kilo kwa mnunuzi wa karatasi kuukuu. Alijadiliana naye, akalipa kutoka mfukoni mwake kununua kazi yake mwenyewe, akachukua kiasi alichoweza kubeba mikononi kwenye matatu. Ndicho kilichomo sandukuni. Hakutusimulia kisa hicho hata siku moja. Nimekisikia kwa Mama.

Nina uchungu na jambo hili na sitauficha. Tunajisifu kwamba vibonzo ni kumbukumbu ya nchi, na magazeti yenyewe yanahifadhiwa, ukienda maktaba ya McMillan au Jumba la Nyaraka pale Moi Avenue utayakuta. Lakini michoro halisi haina kwao. Imetawanyika kwenye masanduku ya wajane na vyumba vya watoto waliohamia ng'ambo, na kila mwaka wa mvua nyingi tunapoteza mingine bila hata kupata habari.

Sasa turudi kwenye mkataba wa dada zetu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema haki ya kazi ya sanaa inadumu katika uhai wa mchoraji, kisha miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliofariki. Kwa hesabu hiyo kazi aliyobaki na haki zake Odoi ni mali ya warithi wake hadi mwisho wa 2062. Hirst, hadi mwisho wa 2065. Wajukuu wanaweza kusomeshwa na kalamu ya babu. Lakini sheria hiyo hiyo inasema ukichora ukiwa umeajiriwa, au umeagizwa kazi hiyo, haki inahamia kwa aliyekuajiri au aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Maneno hayo matatu, "isipokuwa mmekubaliana vingine", yaandikeni ukutani. Na haki ya kuchapisha ni kitu kimoja, karatasi yenyewe ni kitu kingine. Dada zetu waliomba mstari mmoja uongezwe: michoro halisi irudishwe kwa mchoraji ndani ya siku 60. Mchapishaji alikubali bila ubishi. Hatukuwa tumewahi kuomba, kumbe.

Kuhusu kuhifadhi, nitasema kama fundi. Wino mweusi wa masizi haupauki. Kalamu za felti hupauka, hasa zikitundikwa juani, kwa hivyo msitundike mchoro wa felti mkabala na dirisha. Msiweke mchoro pamoja na karatasi ya gazeti. Gazeti lina asidi, litaugeuza manjano mchoro ulio jirani yake. Mwalimu, Mungu amrehemu, alibandika nakala nyuma kwa selotepu, na kila penye selotepu pana doa la kahawia lililopenya hadi mbele. Msijaribu kuling'oa kwa kucha. Tena nawasihi, kwa mapenzi yote, msipeleke michoro kupigwa laminesheni pale mjini. Joto na gundi vikishaingia, hakuna mtu atakayevitoa. Sanduku liinuliwe juu ya matofali, mbali na ukuta wenye unyevu, na lifunguliwe kila baada ya miezi michache, maana mchwa hawapigi hodi.

Na walio na tableti, hamko salama zaidi yetu. Mwenzetu mmoja alipoteza kazi ya miaka minne kwa simu iliyonyakuliwa pale Muthurwa. Wekeni nakala mahali pawili, na moja isiwe ndani ya nyumba yenu.

Kamati imekubaliana tuanze leo. Tumeazima mashine ya kuskani yenye kioo kipana, na tutaskani kwa nukta 600 kwa inchi, mbele na nyuma, kwa sababu nyuma ndiko wenzetu walikoandika tarehe na hasira zao. Hatutachukua mchoro wa mtu. Kila karatasi itarudi kwa mwenyewe jioni hii hii, ndani ya bahasha safi, na orodha yenye sahihi. Mkiwa na mjane au mtoto wa mchoraji mnayemjua, hata kama hakuwa mwanachama wetu, hata kama mligombana naye, nendeni mkamsalimie kabla mwaka haujaisha. Msianze na habari ya michoro. Nyweni chai kwanza. Sanduku litatajwa lenyewe.

Mama ametoa ruhusa sanduku lake liwe la kwanza, na ameniambia kwa masharti yake: lifunguliwe na mtoto, si na wazee. Nimemwonyesha ule mkono wa makanga akauangalia kwa muda mrefu, akamchagua mwenye nao. Binti, njoo mbele. Mikono iwe mikavu, shika karatasi kwa pembe mbili, usiivute. Ile ya foleni ya maji iko ya tatu kutoka juu. Ukifika hapo usikimbilie kuiweka kwenye mashine, mpe kwanza Mama. Wengine naomba tusogeze viti upande wa jukwaa, tuwaachie njia wapite.